Jalada Lako Liko Wilaya Gani?

Wiki hii nakuomba tuzungumze juu ya makaratasi. Najua neno hilo halina mvuto. Mkazi wa Buseresere ana mengi ya kushughulikia kabla ya kufikiria makaratasi: ana mahindi shambani, ana bidhaa za kupeleka mnadani, ana kijana aliyekwenda machimboni na hajapiga simu mwezi mzima. Lakini siku shamba hilo litakapodaiwa na mtu mwingine, au siku fidia itakapolipwa jina lake likakosekana, makaratasi ndiyo yatakayosema. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka kuongeza kwamba hata mali yenye daftari inaweza kupotea, kama mwenye mali hajui daftari liko wapi na haruhusiwi kulifungua.

Nazungumza juu ya kumbukumbu za umma. Hizi ni mihtasari ya vikao vya kijiji, daftari la ardhi la kijiji, taarifa ya mapato na matumizi, bajeti ya halmashauri, orodha ya waliolipwa fidia, leseni za madini, na vyeti vya kuzaliwa na vifo. Zimeandikwa na watumishi tunaowalipa kwa kodi zetu, zinatunzwa katika ofisi zilizojengwa kwa fedha zetu, na yaliyomo ndani yake ni habari zetu. Hata hivyo, wengi wetu tunaziogopa kama mali ya mtu binafsi.

Swali la kwanza ambalo mwananchi wa hapa kwetu anapaswa kujiuliza ni hili: jalada langu liko wilaya gani? Usicheke, ndugu msikilizaji. Buseresere leo iko katika Wilaya ya Chato, Mkoa wa Geita. Haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya mwaka 2005 tulikuwa katika Wilaya ya Biharamulo. Mwaka huo Chato ikamegwa kuwa wilaya, lakini ikabaki Mkoa wa Kagera. Mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulipoundwa, Chato ikahamishiwa huko. Na Kagera yenyewe, hadi mwaka 1979, ilikuwa ikiitwa Mkoa wa Ziwa Magharibi.

Kwa hiyo mzee ambaye hakuhama hata hatua moja kutoka penye nyumba yake anaweza kuwa na karatasi moja yenye anwani ya Biharamulo, Ziwa Magharibi. Ya pili ya Biharamulo, Kagera. Ya tatu ya Chato, Kagera. Na ya nne ya Chato, Geita. Mipaka imehama juu ya kichwa chake. Na kila mpaka ulipohama, majalada yaligawanywa. Mengine yalikwenda na wilaya mpya, mengine yalibaki masijala ya zamani.

Majirani zetu wa Katoro nao wana yao. Soko lao na letu ni kama soko moja, lakini wao ni Wilaya ya Geita, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa Mkoa wa Mwanza. Ndugu zetu wa Bukombe, hadi mwaka huo huo, walikuwa Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wetu umeshonwa kwa vipande vya mikoa mitatu, na kumbukumbu zetu zimetawanyika vivyo hivyo.

Sasa chukua mfano wa mama wa Buseresere aliyejifungua katika kituo cha afya cha Katoro. Mtoto amelelewa Buseresere na amesoma Buseresere. Siku anapotafutiwa cheti cha kuzaliwa, mama anapanda gari kwenda Chato. Lakini kwa kawaida kizazi huandikishwa katika wilaya alimozaliwa mtoto, siyo anamoishi. Mama amelipa nauli ya kwenda na kurudi ili aambiwe kwamba jibu lake liko upande wa pili wa soko lake, yaani Wilaya ya Geita. Wakala wa usajili, RITA, hufanya kazi wilayani kwa kupitia ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya. Jua kwanza mtoto alizaliwa wapi na mwaka gani, ndipo upange safari.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutaja mwaka. Kama jambo lako ni la kabla ya mwaka 2005, uliza Chato, lakini uwe tayari kuuliza Biharamulo pia. Kama ni la kati ya mwaka 2005 na 2012 na lilifika mkoani, ukumbuke kwamba mkoa wa wakati huo makao yake yalikuwa Bukoba. Ukimwambia mtunza kumbukumbu mwaka, umempunguzia nusu ya kazi. Ukimwambia tu kwamba ni "faili la zamani la marehemu baba," umempa sababu ya kukuambia urudi kesho.

Kanuni ya pili ni kuujua ngazi. Kumbukumbu nyingi zinazogusa maisha yetu ya kila siku haziko mbali. Ziko kijijini, kwa Afisa Mtendaji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kuwa ndicho chombo cha juu kabisa kijijini. Mkutano huo unatakiwa kukutana walau kila miezi mitatu, na kila mkutano unapaswa kuwa na muhtasari. Ukiwa unaishi ndani ya mamlaka ya mji mdogo, uliza mikutano ya kitongoji chako.

Msikilizaji anaweza kudhani muhtasari ni jambo dogo. Si dogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti peke yake hawezi, mtendaji peke yake hawezi, na hata wote wawili wakikaa meza moja na mwekezaji hawawezi. Basi ukisikia kwamba eneo la malisho au shamba la kijiji limekwisha kutolewa, usianze kwa kugombana. Omba kuuona muhtasari wa mkutano uliotoa idhini: tarehe yake, mahudhurio yake na sahihi zake. Kama muhtasari upo na wewe ulihudhuria, utajua umetoa neno gani. Kama haupo, swali sasa ni la yule aliyegawa. Vilevile kijiji kinatakiwa kuwa na daftari la ardhi, ambamo huandikwa hatimiliki za kimila zilizotolewa. Mjane ambaye shamba lake linasogelewa na shemeji zake anapaswa kujua kama jina lililoandikwa humo ni la marehemu peke yake au ni la wote wawili.

Ukipanda ngazi, halmashauri ya wilaya ndiyo yenye bajeti, mikataba ya ujenzi, ushuru wa masoko na minada, na mihtasari ya Baraza la Madiwani. Vikao vya kawaida vya baraza ni vya wazi, na mwananchi anaweza kukaa na kusikiliza. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni kila mwaka na baada ya hapo ni mali ya kusomwa na kila mtu. Ipo ripoti nzima inayohusu serikali za mitaa. Mwenye simu yenye intaneti anaweza kuipata bila kumwomba mtu.

Kuhusu dhahabu, ambayo ndiyo imeupa ukanda wetu jina, zipo kumbukumbu za namna mbili. Kwanza ni leseni. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka rejista ya leseni itunzwe na iwe wazi kukaguliwa kwa kulipia ada, na Tume ya Madini imeweka ramani ya leseni kwenye mtandao. Mkulima aliyeambiwa na mgeni kwamba "hapa nina leseni" asikubali wala asikatae kwa maneno. Aombe namba ya leseni, kisha aipeleke kwa Afisa Madini Mkazi. Leseni inaweza kuwa ya kweli lakini ikawa ya eneo jingine, au ikawa imekwisha muda. Na hata ikiwa hai, leseni ya kilicho chini haifuti haki ya aliye juu. Sheria hiyo hiyo inataka ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kuchimba jirani na nyumba yake au shamba lake linalolimwa.

Pili ni malipo. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika tasnia ya madini, mafuta na gesi, na kwa utaratibu wa TEITI hutolewa ripoti zinazolinganisha kile ambacho kampuni zinasema zimelipa na kile ambacho serikali inasema imepokea, pamoja na ushuru wa huduma unaokwenda kwenye halmashauri. Diwani anayewaambia wananchi kwamba fedha hazijaingia, au kwamba zimeingia kidogo, anaweza kuulizwa kwa karatasi.

Sasa tufike kwenye namna ya kuomba. Niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nikamwona mzee mmoja akiingia.

"Shikamoo, mzee," kijana wa mapokezi akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Naomba kuona muhtasari wa mkutano uliozungumzia eneo la malisho."

"Mzee wangu, ule ni siri ya ofisi."

"Siri ya nani, mwanangu, wakati mimi nilikuwepo na nikanyoosha mkono?"

Kijana hakuwa na jibu. Akamwambia arudi wiki ijayo.

Sikumwona yule kijana kuwa mtu mbaya. Alikuwa na heshima, na alimpisha mzee kiti. Kilichomfunga mdomo ni mazoea. Kwa miaka mingi mtumishi wa umma amefundishwa kwamba akitoa karatasi anaweza kupata matatizo, lakini akiificha hakuna atakayemuuliza. Tuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inayolinda nyaraka za siri, na hilo ni jambo la haki kwa nchi yoyote. Kosa ni kulichukua jalada la zizi la ng'ombe tukalifungia pamoja na mambo ya jeshi.

Sheria yenyewe sasa iko upande wa yule mzee. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari. Na mwaka 2016 Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, namba 6 ya mwaka huo, ambayo kanuni zake zilitoka mwaka 2017. Inatumika Tanzania Bara, na haki inayotoa ni ya raia. Si sheria ya waandishi wa habari peke yao, kama wengi wanavyodhani. Inamhusu muuza dagaa kama inavyomhusu mhariri.

Fanya hivi. Andika barua, au mwombe kijana wa steshenari akuchapie. Ielekeze kwa mkuu wa ofisi: kijijini ni Afisa Mtendaji, halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji. Weka jina lako na anwani au namba ya simu. Taja karatasi unayoitaka kwa jina lake, mwaka wake na mahali pake. Usiandike "naomba taarifa za fedha za shule." Andika "naomba nakala ya taarifa ya ruzuku iliyopokelewa na shule yetu ya msingi kuanzia Januari hadi Juni." Taja kwamba unaomba kwa mujibu wa Sheria namba 6 ya mwaka 2016. Huna haja ya maneno makali, wala ya kumtishia mtu kwa wakili.

Peleka nakala mbili. Moja iache, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi, kisha rudi nayo nyumbani uiweke mahali pasipovuja. Nakala hiyo yenye mhuri ndiyo saa yako. Ofisi ina siku 30 za kukujibu kama taarifa ipo na kama utapewa. Barua iliyopokelewa tarehe 3 Machi inatakiwa iwe imejibiwa ifikapo tarehe 2 Aprili. Unaweza kutozwa gharama, kwa mfano ya kutoa nakala, nawe udai stakabadhi. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, na ofisa ndiye anayetakiwa kuyaandika maneno yake na kumpa nakala.

Ukinyimwa, omba sababu kwa maandishi. Kisha peleka malalamiko kwa mkuu wa taasisi ndani ya siku 30 ili aupitie upya uamuzi. Usiporidhika, sheria imefungua njia ya rufaa kwa Waziri. Hapo nakiri kwamba njia ni ndefu kwa mtu wa kijijini, na wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka huo huo wa 2016, waliipa ofisi siku 21 tu. Lakini barua nyingi hazifiki kwa Waziri. Ofisi ikishaona mhuri wake yenyewe juu ya nakala yako, mara nyingi jalada hupatikana.

Ni haki pia kusema yale ambayo hutapewa. Sheria inazuia taarifa zinazoweza kuhatarisha usalama wa taifa, kuharibu upelelezi au kuingilia faragha ya mtu mwingine bila sababu. Huwezi kwenda zahanati ukadai jalada la ugonjwa wa jirani yako. Na ukishapewa taarifa, usiipotoshe. Ukisoma laki tano usiende kwenye kijiwe cha kahawa ukasema milioni tano. Kupotosha ni kosa kisheria, na ni kuwafungia mlango watakaoomba baada yako.

Pengine unajiuliza, msikilizaji, kama haya yote yana faida. Tuhesabu pamoja. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilikuwa Sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo Sh. 6,000 zilipelekwa shuleni na Sh. 4,000 zilibaki kwa ajili ya vitabu. Kwa hesabu hiyo, shule yenye watoto 900 ilitakiwa kupata Sh. 5,400,000 kwa mwaka, yaani Sh. 450,000 kila mwezi. Mzazi anayejua kiwango na idadi ya watoto anaweza kuipiga hesabu hiyo akiwa amekaa chini ya mwembe. Anachokosa ni karatasi ya pili tu, inayosema kilichofika.

Wenzetu wa Uganda walilipima jambo hili. Watafiti walipofuatilia ruzuku za shule za msingi za miaka ya 1991 hadi 1995, waligundua kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zinazopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kile zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, pamoja na mageuzi mengine yaliyofanyika, fungu lililofika lilikuwa limepita asilimia 80. Karatasi iliyobandikwa ukutani ilikuwa na sehemu yake katika kazi hiyo.

Na huko India, katika jimbo la Rajasthan, wakulima na vibarua wa chama cha MKSS walianza mwaka 1994 kufanya mikutano ya hadhara, wakisoma kwa sauti orodha za malipo na hati za manunuzi za miradi ya vijiji vyao. Yalisomwa majina ya watu waliodaiwa kulipwa, na wenyewe wakasimama kusema hawakupokea kitu. Wengi wao hawakujua kusoma. Kudai kwao kulichangia kuzaliwa kwa sheria ya taifa zima ya haki ya taarifa mwaka 2005.

Nimeutaja mfano huo kwa sababu moja. Mtu mmoja akienda peke yake kuomba karatasi, ataitwa mkorofi, na hapa kwetu pengine ataulizwa ametumwa na chama gani. Wakienda watu ishirini, wakiwemo akina mama na wazee wanaoheshimika, wakaomba kwa adabu na kwa barua, hakuna wa kuwaita wakorofi. Wataitwa wananchi.

Nawageukia watendaji wetu. Ninyi nanyi mna mzigo. Wengine mnafanya kazi katika chumba kimoja bila kabati, na mchwa ni adui yenu kuliko mwananchi. Lakini yapo yasiyohitaji bajeti. Bandikeni taarifa ya mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo kila robo ya mwaka. Someni muhtasari wa mkutano uliopita kabla ya kuanza mpya. Mtakapohamishwa, kabidhini madaftari kwa orodha iliyotiwa sahihi. Karatasi iliyo wazi humlinda pia mtendaji mwaminifu, kwa maana siku tuhuma zitakapokuja, yeye atakuwa na cha kuonyesha.

Ndugu msikilizaji, katika mkutano ujao wa kijiji au kitongoji chako, nyoosha mkono uombe mambo matatu: muhtasari uliopita usomwe, mapato na matumizi yasomwe, na ielezwe daftari la ardhi linatunzwa wapi na nani. Yakijibiwa, mpigieni makofi mtendaji. Yasipojibiwa, kesho yake asubuhi andikeni barua, nakala mbili.